Nambari Haifi

Katika kabati la baba, Kariokor, nyumba ya chini,
chini ya risiti za stima na soksi zisizo na wenzake,
nimekuta daftari la jalada la kijani:
historia ya divisheni moja ya askari wa miguu,
Kirusi kushoto, Kiswahili chake kulia,
kwa penseli iliyoinama.

Alipewa na Zinaida Pavlovna, mama mwenye nyumba,
alipokuwa huko akisomea mabwawa, sitini na nne.
Mume wangu yumo, alimwambia, ukurasa wa thelathini na moja,
ila hakutajwa.

Nasoma jikoni, maharagwe yakitokota.
Divisheni iliundwa masika.
(Baba amefuta. "Theluji ikiyeyuka.")
Ilikwenda vitani bunduki moja kwa watu wawili.
Kufikia Oktoba imezingirwa, imekwisha:
kati ya elfu kumi walitoka mia tatu
na bendera, imefungwa tumboni mwa sajini, chini ya shati.
Kwa kuwa bendera ilitoka, divisheni haikufa.
Ndivyo sheria ilivyokuwa. Ikajazwa watu wengine,
nambari ileile, kama sahani ya hoteli:
inaoshwa, anapakuliwa mwingine.

Sahani ni maneno yangu. Baba hakuwa mtu wa mifano.
Yeye aligombana na istilahi tu:
kikosi, akafuta; rejimenti, akafuta; kikosi.

Ukurasa wa thelathini na moja penseli imesimama.
Hakuna majina, ni jumla: elfu nne mia mbili na sita
"wamepotea bila habari."
Ameyaandika mara nne, kila mara mkono mzito zaidi,
karatasi karibu itoboke.
Kisha pembeni, peke yake: Obwanda.

Babu yake. Mwaka wa kumi na sita
alitwikwa sanduku la risasi ambazo hakufundishwa kuzifyatua,
akavuka mpaka kuingia kwa Wajerumani.
Karani alimpa nambari shingoni.
Nambari ilirudi, ikawekwa kwenye faili.

Tafsiri inaishia hapo. Kurasa mia na ushee zilizobaki
ni Kirusi kushoto,
kulia mistari mitupu.

Maharagwe yameungua. Sijui Kirusi.
Simu inalia: kijana wa gesi, amefika sokoni,
amepotea, anauliza niko wapi.
Kariokor, namwambia, mtaa wa wapagazi,
nyumba nambari...
nanyamaza kidogo,
kisha nampa jina langu kwanza.