Fundi Dari wa Pasua

Mtaa wetu hapa Moshi unaitwa Pasua.
Mtoto alipozaliwa, jina hilo likanichoma.
Shangazi Ndeshifose alihesabu kwa vidole
mbao nilizopasua, jipsamu nilizokata
mke wangu akiwa na mimba.
"Umemkata mwanao," akasema,
akaendelea kukoroga uji.

Mdomo wake mzima, wa mama yake kabisa.
Ndiyo maana hatukuona kitu
hadi maziwa yakatokea puani.

Muuguzi Aikande akawasha tochi.
"Chungulia, baba Elinami."
Nikachungulia kama nichunguliavyo dari za watu
nikitafuta panapovuja.

"Wengine ni mdomo tu, kipengo kidogo,
kaakaa limefunga vizuri.
Wengine huanzia mdomoni, ukavuka ufizi,
ukaenda hadi nyuma, upande mmoja,
au pande zote mbili,
na kinyama cha katikati kikabaki peke yake.
Upo na wa kujificha: ngozi imepita juu,
misuli chini haijashikana.
Huo utaujua mtoto akianza kusemea puani,
au ukiona kilimi kina ncha mbili.
Wa kwako ni wa nyuma. Kaakaa laini lote,
na hili gumu kidogo. Hapa."

Nikamwuliza lile nililokuja nalo:
nani alipasua?

"Hakuna." Akazima tochi.
"Mimba ikiwa bado changa
pande mbili hutoka kushoto na kulia
zikakutane katikati. Za huyu hazikufika."

Hazikufika.
Miaka kumi na moja nafunga dari,
Soweto, Rau, Kiboriloni.
Ufa naujua. Na ninajua pia
pale ambapo ubao na ubao bado havijaungana,
wala hapaitwi ufa.

Sasa tuna kikombe kidogo na kijiko.
Tunamkalisha wima. Tone. Apumue. Tone.
Shati langu linanuka maziwa hadi kazini.

"Upasuaji," daktari amesema,
"akikaribia mwaka, uzito ukiruhusu."
Neno lilelile,
ila safari hii limebeba sindano na uzi.

Shangazi bado anahesabu. Mwache.
Jumatatu Elinami alikuwa kilo tatu na robo.
Nimeandika kwa penseli ukutani,
juu ya kitanda,
kwa mwandiko wangu wa vipimo.