Dirisha Namba Nne, Kurasini

Jumatano, saa nne na robo, alipitisha barua chini ya kioo.
Karatasi ya daftari, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka.
Mwandiko wa Kapteni Ngailo, kalamu ya buluu:
Huyu ni mtu wetu. Atakayeisoma amsaidie.
Haina muhuri.
Na mimi kazi yangu ni mihuri.

Jina? Katembo Syaluha.
Umetoka wapi? Beni, mama.
Kazi? Nilikuwa mukalimani ya basoda benu.
Nyuma yangu Bi Tunu akacheka kwa pua:
kisikie Kiswahili cha watu hawa.

Nikamuuliza, ili nijaze mstari wa kumi na moja,
mkalimani alikuwa anafanya nini hasa.
Akasema, alitangulia.
Alitembea mbele ya magari, mikono mitupu,
akiwasalimu akina mama wa mihogo kwa lugha tatu,
na asubuhi moja mama mmoja hakuitikia,
alisema tu, leo watoto hawajaenda kuteka maji.
Akageuka, akainua mkono. Magari yakasimama.
Vijana kumi na wanne wa kwetu,
mmoja wa Tandahimba, mmoja wa Ukerewe,
mmoja anayedaiwa mahari hapo Temeke,
wakanywa chai jioni ile.
Njia haina batoto, mama, usipite.
Kwa Kiswahili hichohicho.
Nikamtazama Bi Tunu. Alikuwa anatafuta chaja.

Vijana walirudi, bendi ikapigwa.
Yeye akabaki na kijiji kinachojua alimtangulia nani.
Walikuja usiku. Mkewe, Masika, hakuamka.
Alivuka ziwa na binti mgongoni
kumtafuta Kapteni ambaye simu yake haipatikani.

Kanuni naijua kama jina la mama yangu:
mkimbizi hukaa kambini, na kambi iko Kigoma.
Kifungu hakisemi neno juu ya aliyetangulia.
Kuna nafasi ya ndugu waliopo nchini, mstari mmoja tu.
Nimwandike nani? Wote kumi na wanne?

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alilishika jembe letu kwanza, shambani kwake,
ndipo akaja kupiga hodi.
Tunasema tenda wema nenda zako.
Methali nzuri. Nahisi aliitunga aliyetendewa.
Maana huyu, aende zake wapi?

Baba yangu aliuza mkaa Magomeni.
Kulikuwa na nyumba moja, alinisimulia, ya wanaume wageni
waliozungumza chinichini na kulipa kwa wakati,
nchi zao zikiwaka huko kusini.
Hakuwauliza majina. Siku wakikosa hela alishusha gunia, akaondoka.
Leo majina ya watu wa namna ile ni barabara zetu;
mojawapo naipita kila asubuhi nikiwahi kazini
kuwaambia wengine hakuna nafasi.
Na wakati ule tulikuwa maskini kuliko leo.

Nilipaswa kuandika: aelekezwe Kigoma.
Niliandika: arudi Jumatatu.
Ni neno la woga, nalijua, nimelitumia miaka tisa.
Binti alikuwa amelala kwenye benchi, miaka sita hivi,
viatu kavivua, kavipanga ukutani,
kama mtu aliyefika.

Barua ninayo. Imelala mkobani
kati ya funguo na risiti ya umeme.
Jumatatu ni kesho, na sijui nitamwambia nini mkuu wangu,
ila nitaanza na yule mama ambaye hakuitikia salamu.

Asubuhi hii nimefungua dirisha langu mwenyewe, Mtoni.
Watoto wanapita na madumu,
wanagombana, wanamwagiana maji, mmoja kavaa ndala za babaye.
Nikaanza kuwahesabu.
Nilipofika kumi na nne nikaacha.