Nakala ya Kusahihishwa

Mheshimiwa Ewart Dalgliesh alisimama saa tatu na dakika kumi usiku,
koti limembana tumboni, karatasi nne mkononi.
Nikageuza ukurasa, nikalamba ncha ya penseli.
Wellington, Julai ya mwaka hamsini na moja.
Upepo wa kusini uligonga madirisha ya Bunge
kama mtu aliyesahau ufunguo wake ndani.

Hoja ilikuwa sufu.
Tangu chai ya jioni nilikuwa nimeandika sufu mara arobaini,
hata mkono ukaijua njia peke yake:
mkunjo, nukta, basi.

"Mheshimiwa Spika, ratili moja imevuka peni mia.
Baba yangu aliuza kwa peni tano, akashukuru.
Leo majirani zangu wana magari mapya,
wengine mawili mawili,
na bondeni kwetu yupo mzee mmoja
aliyepaka rangi banda la kondoo
kwa mara ya kwanza tangu lijengwe."
Naam! Naam! wakaitikia pande zote mbili.
Nikaandika naam.
Ndiyo kazi yangu, kuandika naam bila kuitikia.

Kisha akaziweka karatasi mezani.
Mimi wabunge nawajua kwa mikono, nyuso siziangalii.
Anayeweka karatasi chini
ama amepotea, ama amefika.

"Sote humu tunajua kilichopandisha bei.
Korea kuna theluji, na majeshi yanataka makoti,
na anayenunulia vita haulizi punguzo.
Kijana aliyekuwa akinikatia kondoo manyoya,
Eruera Pohatu,
kondoo mia mbili na kumi kwa siku, mgongo umepinda kama mundu,
aliondoka Desemba na kikosi cha mizinga.
Mama yake amepata telegramu.
Malipo yake ya mwisho yalikuwa bado kwangu.
Nilimpelekea mwenyewe, akayahesabu mbele yangu,
akanirudishia shilingi mbili zilizozidi."

Mtu akapiga kelele: Utaratibu!
Mwingine akakohoa kohozi lisilokuwapo.
Spika akamkumbusha kwamba hoja iliyo mezani ni sufu.

"Ni sufu, Mheshimiwa Spika. Sijatoka ndani ya sufu.
Lile banda ni langu.
Rangi ile nimeinunua kwa Eruera."

Akaketi. Dakika zake sita zilibaki, hakuzidai.
Nikangoja na penseli hewani.
Hati mkato ina alama ya kila kitu,
kicheko, kelele, kengele;
kwa kile kilichofuata sikufundishwa alama.

Kesho yake nakala ikarudi imesahihishwa.
Kanuni inamruhusu mbunge kunyoosha sarufi,
haimruhusu kurudi nyuma.
Peni tano za baba yake amezifanya nne na nusu,
maana ni mtu mkweli.
Halafu, kuanzia Sote humu tunajua,
mstari mmoja wa wino mwekundu hadi chini,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika amesimama:
Mama yake husoma haya.

Mhariri akaniita. "Alisema au hakusema?"
Miaka kumi na mmoja sikuwahi kupoteza hata kiunganishi.
Nikatazama koti langu kwenye msumari,
sufu tupu, la kijivu, nimelinunua Juni
kwa nyongeza ya mshahara.
"Kulikuwa na upepo," nikasema. "Sikusikia vizuri."

Daftari ninalo. Penseli inafifia,
na waliojua kusoma mikunjo ile wamebaki wachache;
siku nyingine mimi mwenyewe nakwama kwenye jina lake.
Lakini juzuu imo maktabani, jalada gumu, herufi za dhahabu.
Ukiifungua utamkuta Mheshimiwa Dalgliesh
ameishia bandani, kwenye rangi mbichi,
na chini yake, wazi kabisa,
Bunge zima linaitikia naam.