Kizigeu cha Tatu

Heino, mashine yako bado iko chini ya ngazi
hapa maktaba ya Viljandi, ubavuni mwa bomba la joto,
na vumbi lake ni lilelile ulilokataza lisifutwe.

Diski moja, vizigeu vitatu.
Cha kwanza kina mfumo. Cha pili kina kadi za wasomaji,
vitabu vilivyoazimwa, faini za senti ishirini.
Cha tatu hakijapachikwa popote.
Hakina njia wala jina.
Kipo tu: gigabaiti arobaini za kimya.

Kila usiku saa nane programu ya chelezo huamka kule Tartu,
hufuata kebo, hubisha hodi,
hukagua saraka kama mkaguzi wa tiketi ndani ya treni,
kisha huniandikia: Kazi imekamilika. Hakuna hitilafu.
Miaka sita huniandikia hivyo,
na wala haidanganyi.
Asiye na kiti haulizwi tiketi.

Ijumaa wanakuja kuichukua mashine.
Maret wa utawala kasema: nakili kilichopo, basi.
Nikamuuliza kilichopo ni kipi.
Akatazama saa yake.

Jumapili nilikuja wodini na mkate mweusi, ule wa mbegu.
Nikakuuliza cha tatu kina nini.
Tangu kiharusi maneno yako yamo, hayapachikiki.
Ukagonga meza kwa kidole, mara tatu, labda nne.
Labda ulitaka chai.

Ningeweza kukifungua. Ni amri moja, mstari mfupi.
Lakini ukikipachika tu, mfumo unaandika tarehe mpya,
unapanga daftari upya, unajifanya mwenyeji.
Basi nakisoma kikiwa kimelala.
Nimeiambia programu isitafute faili,
ishike kifaa chenyewe,
ibebe tofali baada ya tofali
bila kuuliza hii ni barua au ni picha ya mbwa.

Na hapo ndipo nilipokaa kitako sakafuni, Heino,
maana hivi inabeba kila kitu:
sifuri za pale ambapo hujawahi kuandika,
na ulivyoviandika ukavifuta,
ambavyo havikufutika, vilipoteza anwani tu.
Ulichokitupa kinasafiri behewa moja na ulichokitunza.

Asilimia thelathini na moja.
Nje gari la kusukuma theluji linapita, linarudi.
Akiba haiozi, husema watu.
Hawajawahi kuisikia diski ya miaka kumi na minne
ikikwaruza saa tisa za usiku,
ikinyamaza,
ikikumbuka, ikiendelea.

Alfajiri nimelinganisha alama mbili, ya huku na ya Tartu,
herufi kwa herufi, kwa kidole, kama mtoto.
Zinafanana.
Sijui nimeokoa nini.

Kwenye lebo nimeandika:
Cha Heino. Kisifunguliwe yeye asipokuwepo.
Halafu nikazima taa ya ngazi
na kofia yangu nikaisahau juu ya mashine.