Jumlisha C

Swali la nne, alama kumi na tano.
Tangi lina lita mia za maji,
ndani yake kilo tano za chumvi.
Maji matamu yanaingia, lita tatu kila dakika,
mchanganyiko unatoka kwa kasi ileile.
Tafuta chumvi iliyobaki baada ya muda t.

Nilicheka chumba cha mtihani.
Mimi, mtu wa Mchinga, kuulizwa habari za chumvi!
Msimamizi akanikazia macho kana kwamba naibia.
Nikaandika mbio:
kasi ya kupungua inafuata kilichopo,
kikibaki kidogo kinaondoka kwa kusitasita,
sifuri hakiifiki, kinaikaribia tu,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado kasimama mlangoni anazungumza.
Nikajumuisha pande zote mbili,
jibu nikalipigia mistari miwili chini.

Dakta Kasilati ana wino mwekundu na maneno machache.
*C iko wapi?*
*Umeanza na kilo tano. Jibu lako linaanza na moja.*
*Kilo nne umezipeleka wapi?*
Kilo nne, alama nne.
Arobaini ndiyo ya kufaulu. Nina thelathini na saba.
Sapu.

Basi lilinishusha Mchinga na begi la madaftari.
Shangazi Somoe hakuuliza matokeo.
Alinipa reki ya mbao
na buti za mpira, ya kushoto imetoboka.

Maji ya bamvua wanayafungulia lango,
yanapumzika jaruba la kwanza, yanahamia la pili,
la tatu yanafika mazito, yanalamba mguu
na kuacha soksi nyeupe.
Jua la huku mwezi wa tisa halina utani.
Mchana, watu wakila mihogo,
nilichukua mkaa nikachora ukutani mwa ghala
mhimili wa muda, mhimili wa kina cha maji,
mstari unaoshuka, ukichoka kushuka.
Nikamweleza Somoe: huu mteremko ndio kasi,
nikiijua kasi ya kila siku
nakutajia magunia kabla hujayashona.

Alikuwa akihesabu sindano za kushonea.
"Siku uliyoanza kupima," akasema,
"jaruba lilikuwa na nini?"

"Kwenye kitabu?"

"Jarubani, Bakili! Hili la nne hatukulikwangua mwaka jana,
mimi nilikuwa Ligula na mguu wangu.
Chini kuna ukoko wa zamani, mgumu kama sahani.
Ukihesabu maji ya juzi peke yake
utaniandikia magunia pungufu,
na mnunuzi atakushukuru sana."

Akarudi kwenye sindano zake.

Nilisimama, buti ya kushoto ikinywa maji.
Muhula mzima nilidhani C ni adabu ya mwandiko,
kama nukta mwisho wa sentensi.
Kumbe kasi haijui ulikotoka.
Inajua unavyokwenda sasa hivi, basi.
Kile kisichobadilika, ukikiuliza kasi yake,
kinajibu sifuri, kinafutika kwenye karatasi,
lakini jarubani kipo.
Kwa hiyo unaporudi nyuma kujumlisha
kanuni inakudai ukiri:
hapa palikuwa na kitu kabla yangu,
kiasi chake bado sikijui.

Na kukijua si lazima uwe na akili nyingi.
Nilichomeka kijiti jaruba la nne:
ukoko, sentimita tatu na kitu.
Hiyo "na kitu" ilinisumbua hadi usiku.

Somoe aliuza. Bei ilikuwa mbaya.
Nauli yangu ilitoka humo, nyingine alikopa
kwa mtu ambaye hakunitajia jina.

Kwenye sapu hawakuuliza chumvi.
Waliuliza chuma cha moto kinachopoa kwenye karakana.
Nikageuza karatasi, nikashika kalamu,
nikaandika C pale panapotakiwa jina,
nikaifuta,
nikaandika jina.