Ufunguo

Saa moja kasoro, Mabela, mwezi wa Julai,
jua limeshapanda juu ya matangi ya maji
na ufunguo wa gari haupo.

Haupo kwenye msumari wake.
Haupo chini ya zulia. Haupo ndani ya kiatu,
ingawa ndani ya kiatu mna rimoti ya kiyoyozi
tuliyoililia tangu Jumanne,
tukalala tumekunja magoti
kwa baridi ya nyuzi kumi na sita.

Nani kauchukua? Hakuna haja ya kuuliza.
Nyumba hii mwizi wake ni mmoja:
ana miaka miwili kasoro wiki,
meno kumi na mawili, kiatu kimoja,
na jina la bibi mzaa babu yake, Thuwaiba,
jina zito la mtu mzima
analoliburuta nyuma kama kanzu ya kuazima.

"Thuwaiba, ufunguo uko wapi?"
"Wapi?" ananijibu.
Ndilo neno lake la mwezi huu.
Mwezi uliopita lilikuwa *La*.
Mama akamfundisha *Hapana*, Kiswahili nacho kisibaki nyuma;
sasa akikataa kwelikweli huyaunganisha,
*Lahapana!*
na akishakaa kitako
hata winchi la bandarini halimwinui.

Tunatafuta. Yeye anatushinda kwa kutafuta.
Anainua mito, anamwinua paka, anachungulia chini yake.
Anatoa vijiko kwenye droo, kimoja kimoja,
ananikabidhi kama mtu anayelipa deni la siku nyingi.
Anapiga magoti mbele ya mashine ya kufulia,
anaingiza kichwa, anaita humo ndani:
"Funguo! Njoo!"

Asila, nusu ya nywele kazichana, nusu bado,
anamimina mchele wa gunia zima kwenye sinia.
Mama, kitini, hainuki.
"Mtoto akinyamaza usishukuru. Nenda ukatazame.
Jana alasiri alinyamaza. Nikawaambia."

Alituambia.
Sisi tulikuwa tunaufaidi ule ukimya.

Nampigia mkuu wa zamu: gari limekufa betri.
Uongo wangu wa tatu tangu huyu aanze kutembea.
Wa kwanza, jino. Wa pili, bomba limepasuka;
na bomba lilikuwa zima,
ila yeye alisimama kwenye mashine ya maji ya kunywa,
kidole juu ya kitufe,
akitazama ziwa lake likiingia sebuleni.

"Basi kaa," Mama anasema, "kazi haikimbii. Unywe kahawa."
Ameitia kwenye dele la shaba, la wageni,
maana chupa ilivunjika wiki iliyopita, tusiulizane.
Anainamisha. Tone moja. Anainamisha tena.
Anatikisa, na dele linajibu: *keleng'*.

Thuwaiba anapiga makofi.

Zinatoka kokwa tatu za tende,
kifungo cha shati langu la Idi,
kisha ufunguo, unachuruzika, una moto,
umeiva.

Nafungua mdomo. Mama ananiwahi:
"Usimfokee. Baba yake aliitia saa ya marehemu kwenye sufuria ya uji,
akasema anaipikia, ina njaa."
Baba yake ni mimi.
Naufunga mdomo.

Njia ya Ruwi imesimama,
magari yanameta kama masufuria yaliyosuguliwa kwa mchanga.
Usukani unaunguza; naushika kwa ncha za vidole,
na vidole vinanuka iliki.
Natia mkono mfukoni kutafuta kadi ya kazi.

Tende.
Imetafunwa nusu, imegandwa na uzi wa zulia,
imetiwa saa ngapi sijui.

Masurufu ya msafiri.

Nautoa uzi. Nyuma yangu wanapiga honi.
Namalizia nusu yangu.