Mashine ya Kumi na Tatu

Tulikuwa na mashine kumi na mbili za kufulia,
ya tano mbovu tangu Krismasi,
na runinga moja juu ya rafu ya sabuni
aliyoiweka Arvid mwenye duka
ili wateja wasichoke kungoja.
Hiyo haikuzimwa
tangu usiku ule wa Januari
mji wa mbali ulipogeuka kijani kwenye kioo,
cheche zikipanda mbinguni polepole,
mtangazaji akinong'ona kama aliyejificha uvunguni,
nasi huku Duluth, theluji magotini,
tumesimama kimya, soksi mikononi.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Sisi tuliambiwa kila dakika:
tazama, usiondoke, tunarudi punde.

Siku ya kwanza hakuna aliyekunja nguo.
Kufikia ya nne watu walishayajua makombora kwa majina
kama wanavyowajua wachezaji wa hoki.
Stenvall wa posta alichora jangwa
nyuma ya boksi la sabuni,
akapanga vifungo vya mashati, ndivyo vifaru.
"Watazungukia hapa," akasema,
na jenerali mstaafu wa runingani
alipoweka fimbo yake papo hapo
Stenvall akatununulia soda wote.
Nami niliinywa. Ilikuwa baridi, tamu.

Bi Tuominen alitaka tamthilia yake ya saa saba.
"Yule daktari alikuwa karibu kuoa," akalalamika,
"na huyu mzee wa fimbo hata simjui."
Tukamcheka.
Baadaye nikamkuta chooni,
bomba amelifungulia hadi mwisho ili asisikike.
Alikuwa na miaka sita, aliniambia, kule Viipuri,
ndege zilipokuja.
"Vita vyetu havikuwa na mtangazaji.
Hakuna aliyetuambia kilichoanguka ni nini.
Kilianguka tu."

Mwanangu Corey, miaka minane,
aliinua macho kutoka kwenye hesabu zake:
"Mama, hili ni jipya au la marudio?"
Jengo lilikuwa likiporomoka.
Nilitazama vizuri.
Sikujua.

Na Loretta Beaulieu.
Alikuja kila usiku saa tatu na shati moja,
safi tayari, akalifua tena.
Nyumbani mumewe alikuwa amekata waya wa runinga kwa mkasi.
Milipuko hakuitazama.
Alitazama nyuma ya bega la mwandishi,
wale vijana wanaopita na ndoo za maji,
maana mwanawe, alisema, ana kisogo cha babake,
bapa kama pasi,
atakijua popote.

Usiku mmoja akapiga ukelele:
"Rudisheni! Rudisheni nyuma!"
Lakini lilikuwa limeshaingia tangazo la chakula cha mbwa.
Basi tukangoja.
Lile daraja tulikuwa tumeonyeshwa likivunjika mara arobaini,
lile bomba la moshi likiingiwa mara hamsini,
tukajipa moyo: watarudia tu, hawa hawana kingine.
Stenvall alikaa. Bi Tuominen alikaa.
Arvid hakufunga duka,
akatuchemshia kahawa kwenye sufuria.
Daraja likavunjika. Bomba likaingiwa. Mbwa akala.
Kulipopambazuka ziwa lilikuwa jeupe
na kile kisogo hakikurudi.

Vita viliisha siku ya Alhamisi, walisema hivyo.
Arvid akapanda kwenye stuli akaizima,
na ndipo tuliposikia ya tano inavuja,
tone, tone, sijui tangu lini.
Stenvall alikunja jangwa lake kulitupa.
Vifungo vikamwagika sakafuni.
Loretta akainama,
akachagua kimoja, cheupe, chenye matundu manne,
akakilinganisha na shati pale kifuani,
akauliza kama kuna mwenye sindano.